Bima ya Gari ni ya Anayegongwa

Katika barabara kuu itokayo Makutano, ikavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kupanda hadi Tarime na Sirari, na vile vile katika njia zinazoingia Mugumu kutoka Natta na kutoka Nyamongo, ubishi uliozoeleka sana baina ya madereva na askari wa usalama barabarani ni ule wa cheti cha bima. Askari ananyoosha mkono, gari linasimama, leseni inaonyeshwa, kisha inaulizwa bima. Dereva anapekua mbele ya usukani, anapekua chini ya kiti, na mwishowe anajieleza kwamba bima ipo ila cheti kimebaki kwa mwenye gari. Askari naye anamjibu kwamba yeye hawezi kukagua kitu kisichoonekana. Inaandikwa faini ya shilingi 30,000, dereva anapewa namba ya kulipia, abiria waliokwisha kuchoka kusubiri wanashusha pumzi, na safari inaendelea. Kila mmoja huondoka pale akiamini kwamba shauri limekwisha.

Shauri lenyewe halijaguswa. Gari lililoachiwa liende zake ama lina bima ama halina, na ile faini haikusaidia kulijua hilo. Kwa askari na kwa dereva huenda jambo hilo si zito, maana kitabu kimejazwa na deni limepatikana. Lakini kwa mama anayetembea kando ya barabara na kikapu chake kichwani, na kwa mwanafunzi anayevuka kurudi nyumbani jioni, hilo ndilo jambo pekee lenye uzito. Gari lenye bima ambalo cheti chake kimesahauliwa kabatini halimpunguzii mtu huyo haki yoyote. Gari lisilo na bima kabisa linamwachia hatari yote peke yake.

Ni makosa mawili yaliyo mbali sana, na ajabu ni kwamba kando ya barabara hutazamwa kama kosa moja. Aliyesahau karatasi na aliyekwepa bima huandikiwa faini ile ile, kwa kalamu ile ile, na wote wawili huruhusiwa kukanyaga mafuta.

Yafaa ikumbukwe sheria ya bima ya magari iliwekwa kwa ajili ya nani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni ya tangu enzi za utawala wa Kiingereza, inamkataza mtu yeyote kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo kuwapo bima ya kuwakinga watu wengine dhidi ya kifo na majeraha yatakayosababishwa na gari hilo. Haikumlazimisha mwenye gari akate bima ya bati lake mwenyewe. Hiyo ni hiari yake, na wananchi wameipa jina la bima kubwa. Ile iliyo ya lazima, wanayoiita bima ndogo, haimlipi mwenye gari hata senti moja gari lake likipinduka korongoni. Inamlipa aliyeumizwa, au wanaomlilia. Kwa hiyo anayeendesha gari lisilo na bima asijihesabu kuwa ameinyima Serikali kitu au amelinyima shirika la bima ada yake. Amemnyima mtu asiyemjua, ambaye huenda watakutana kwenye kona mojawapo kabla jua halijatua.

Wananchi wa Tarime na Serengeti hawahitaji kufundishwa sana tofauti kati ya hati na kitu chenyewe. Hizi ni wilaya za wafugaji, na kwa miaka mingi zimesumbuliwa na wizi wa ng'ombe ndani ya nchi na kuvuka mpaka. Mtu anayepeleka mifugo mnadani anajua kwamba atadaiwa kibali cha kusafirisha. Anajua pia kwamba kibali kinaulizwa ili mnyama wa watu asipotee, wala si ili karatasi zipate kuhesabiwa. Mwenye ng'ombe wake halali aliyesahau kibali husumbuliwa, na pengine hurudishwa akakilete. Lakini hakuna mzee wa Kikurya ambaye angekubali mwizi wa ng'ombe alipe faini ya kukosa kibali, kisha aendelee na safari akiwa na ng'ombe wale wale. Jambo ambalo lingeonekana kichekesho kwa ng'ombe limekuwa desturi kwa gari.

Na desturi hiyo ina hesabu yake, ambayo wenye magari wanaijua vizuri kuliko wanavyokiri. Kwa miaka kadhaa bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 100,000, na ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inafika shilingi 118,000 kwa mwaka. Faini ni shilingi 30,000. Mwenye gari anayekamatwa mara tatu kwa mwaka hulipa 90,000, na bado anabaki na shilingi 28,000 mfukoni kuliko mwenzake aliyetii sheria. Ni mpaka akamatwe mara ya nne ndipo anapozidishiwa shilingi 2,000 juu ya bei ya bima. Kwa gari linalozunguka vijiji vya bondeni na kuingia barabara kuu siku za gulio tu, kukamatwa mara nne kwa mwaka kwa kosa hilo hilo si jambo la kawaida. Pikipiki ziko katika hali mbaya zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilipopitisha kupunguza faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, nia ilikuwa njema, nayo ilikuwa kuwapunguzia mzigo vijana wanaojitafutia riziki. Hata hivyo kwa upande wa bima punguzo hilo limefanya kuvunja sheria kuwe rahisi kuliko kuitii. Faini inapokuwa nafuu kuliko wajibu, haikemei kosa tena, bali inalikodisha kwa bei ya chini.

Liko pia suala la nani anayelipa faini hiyo. Magari mengi ya abiria katika wilaya hizi hayaendeshwi na wenye nayo. Dereva ni kibarua, na mara nyingine ni deiwaka aliyepewa usukani kwa siku moja tu ili dereva wa kawaida apumzike. Asubuhi anakabidhiwa gari, jioni anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Yeye hakukata bima wala hakuulizwa kama ikatwe. Pengine hata cheti hajawahi kukiona. Lakini ndiye anayesimama juani kando ya barabara akijitetea, na faini ikiandikwa, hata kama imewekwa kwenye namba ya gari, mara nyingi hukatwa katika jasho lake. Sheria inamtaja pia yule anayeruhusu gari litumike bila bima. Ni jambo la kusikitisha kwamba huyo anayeruhusu, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kukata bima na ndiye anayefaidi asipoikata, ni nadra kuonekana kando ya barabara au mahakamani. Askari akitaka kulifikia kosa lenyewe, hana budi kupiga simu kwa tajiri kabla ya kufungua kitabu.

Huko nyuma palikuwa na udhuru kwamba askari hawezi kujua ukweli isipokuwa kwa karatasi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa mali ya umma mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kwa karibu miaka 30 lilikuwa peke yake katika biashara hiyo. Cheti kilikuwa cha shirika moja na askari alikijua kwa macho. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, nayo yakaja mengi, kila moja na mawakala wake mpaka katika miji midogo. Ndipo matapeli nao walipopata nafasi. Stika za bandia zilibandikwa kwenye vioo vya magari, wenye magari wengine wakidanganywa, na wengine wakinunua udanganyifu huo kwa kujua, kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu. Katika zama hizo karatasi ilikuwa shahidi wa uongo mara nyingi, na askari aliyeridhika kuiona kiooni aliweza kulipungia mkono gari lisilo na bima huku akilitoza faini lenye bima.

Udhuru huo sasa umekwisha. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, imeweka mfumo wa kompyuta ambamo bima za magari huandikishwa, na stika za karatasi zimeachia nafasi stika za kielektroniki. Kwa namba ya gari peke yake, mtu mwenye simu anaweza kutazama kama gari lina bima hai, imetolewa na kampuni gani na itakwisha lini. Ikiwa mwananchi wa kawaida anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa kibarazani kwake, askari aliyepewa mashine ya kuandikia faini hawezi kushindwa. Kumtoza dereva kwa kutokuwa na karatasi, hali bima inaonekana katika kumbukumbu za Mamlaka, ni kumwadhibu mtu kwa kukosa nakala ya kitu ambacho Serikali yenyewe inajua kwamba anacho.

Hapo ndipo pia mlango wa rushwa unapofungukia. Kosa la karatasi ni kosa linalozungumzika. Dereva ana haraka, askari ana kitabu, na kati yao iko shilingi 30,000 ambayo inaweza kupungua iwapo haitaandikwa. Si askari wote wanaokubali, na si haki kuwapaka wote tope moja, kwani wako wanaosimama kutwa kwenye vumbi la Nyamongo wakifanya kazi kwa uadilifu. Lakini ubishi unaoweza kumalizwa kwa kutazama kumbukumbu kwa dakika moja usiachwe uendelee kuwa soko.

Waingereza, ambao sheria yao ya mwaka 1930 ya kulazimisha bima ndiyo iliyoigwa katika makoloni yao mengi, waliona tofauti hii zamani. Kwao, dereva asiye na cheti mkononi hupewa siku saba akionyeshe katika kituo cha polisi. Lakini asiye na bima yenyewe, tangu sheria yao ya mwaka 2005, gari lake huweza kuchukuliwa palepale na kuzuiwa. Tena mwaka 1946 makampuni ya bima ya huko yaliunda chombo cha pamoja cha kuwalipa watu wanaogongwa na magari yasiyo na bima, ili mgonjwa asitaabike kwa kosa la mtu mwingine. Si kila cha Uingereza kinafaa hapa. Ila si vibaya kuuliza kwa nini katika sheria iliyotoka kwao limechukuliwa lile la kuombwa cheti, na lile la kumlinda aliyeumia likasahauliwa.

Kinachotakiwa Tarime na Serengeti hakihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Askari aitazame namba ya gari kwanza. Bima ikionekana, dereva akumbushwe abebe nakala au aiweke katika simu yake, na aachiwe. Ziko sehemu, hasa upande wa Serengeti kuelekea hifadhini, ambako mtandao wa simu hukatika. Huko dereva apewe muda wa kuripoti kituo kilicho mbele akiwa na ushahidi wake. Lakini bima isipoonekana, gari lisiondoke. Abiria watafutiwe usafiri mwingine, tajiri aitwe, akate bima kwa wakala aliye karibu, na ndipo gari liguse tena barabara. Mwenye gari aliyezoea kuhesabu faini kama sehemu ya matumizi ya mwaka atabadili hesabu zake siku gari lake litakapolala kituoni likiwa halileti kitu.

Utaratibu huu hauna budi kuwa mmoja katika wilaya zote mbili. Tarime iko chini ya Mkoa wa Kipolisi wa Tarime na Rorya, ilhali Serengeti iko chini ya Kamanda wa Polisi wa Mara aliyeko Musoma. Gari linalotoka Nyamongo kwenda Mugumu huvuka kutoka mamlaka moja ya polisi kuingia nyingine kabla halijamaliza safari. Kama upande mmoja utazuia magari yasiyo na bima na upande wa pili utaendelea kukusanya faini na kuachia, magari hayo yatahamia upande wa pili.

Pale Sirari kuna jambo la ziada. Magari ya Kenya huingia kutoka Isebania kila siku, na ya Tanzania huvuka kwenda Migori. Bima iliyokatwa katika nchi moja haimkingi mtu wa nchi ya pili isipokuwa iwe na nyongeza yake. Kwa safari za namna hiyo upo mpango wa Kadi ya Manjano ulioanzishwa na nchi za COMESA, ambao Tanzania imeendelea kuwamo ijapokuwa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Mwenye gari la kigeni asiye na kadi hiyo hana budi kukata bima ya hapa kabla ya kuingia. Mahali pa kulihakikisha hilo ni mpakani penyewe. Likishapita, litakuwa limetembea kilomita nyingi miongoni mwa watu kabla ya kukutana na askari wa pili.

Vipo vilevile vyeti vya kweli visivyo na msaada. Magari mengi madogo yanayobeba abiria kati ya vijiji na miji ya wilaya hizi yamekatiwa bima kama magari ya binafsi, kwa kuwa ni nafuu. Dereva huonyesha cheti bila wasiwasi, askari hukisoma tarehe na kukirudisha. Siku gari hilo litakapopinduka likiwa na abiria wanane waliolipa nauli, kampuni ya bima itauliza lilikuwa likifanya kazi gani, na huweza kukataa kulipa kwa kuwa lilitumiwa kinyume cha mkataba. Askari anayesoma tarehe peke yake hajakagua kitu. Aitazame na aina ya bima, kisha awatazame waliokaa nyuma.

Mkoa wa Mara unajua gharama ya ajali. Tarehe 5 Septemba 2014, katika eneo la Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili na gari dogo yaligongana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ajali kubwa kama ile huandikwa magazetini, viongozi hufika, na jamaa wa marehemu hupata watu wa kuwaelekeza. Lakini mkulima anayegongwa na gari moja usiku kando ya njia ya Nyamwaga hana mwandishi wa habari. Jamaa zake humpeleka hospitali kwa kuuza mbuzi, akizidiwa huuza ng'ombe, na dereva akija na shilingi laki chache za pole, wazee humpokea na kufunga mazungumzo. Hawaambiwi kwamba huenda gari lile lilikuwa na bima, na kwamba waliyoyapokea ni kijisehemu tu cha haki yao. Wengine hutia saini karatasi za suluhu wasizozielewa.

Ndugu hao waelezwe, na wa kuwaeleza wapo: maofisa watendaji wa kata na vijiji, walimu, waganga wa zahanati, na askari wenyewe wanaokuja kupima ajali. Namba ya gari iandikwe mara moja, kabla ya jambo jingine lolote, kwa maana ndiyo inayofungua kumbukumbu za bima. Majeruhi apatiwe fomu ya polisi namba tatu, nayo itunzwe pamoja na stakabadhi za matibabu. Taarifa ya polisi ya ajali na nakala ya hukumu dhidi ya dereva ziombwe, kwa kuwa kampuni itazidai. Kampuni yenyewe iarifiwe mapema kwa barua, na ikiwa mambo yatafika mahakamani isisubiriwe mpaka kesi imalizike. Ikiwazungusha, malalamiko yapelekwe ofisi ya TIRA ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mwanza ni mbali kwa mtu wa Nyamongo mwenye mguu uliovunjika, na Mamlaka ingetenda jambo la maana kama ingepanga siku za kuwasikiliza watu Tarime mjini na Mugumu, hata kama ni mara moja kila baada ya miezi mitatu.